Kipimo cha Moshi na Kikohozi cha Nyumbani



Siku hizi mashauri ya migodi ni mengi huku kwetu. Ngara ina nikeli ya Kabanga. Biharamulo ulifunguliwa mgodi wa dhahabu wa Tulawaka mwaka 2005. Kabla kazi kubwa ya namna hiyo haijaanza, Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yataka athari zake zipimwe. Basi mabwana wa vipimo huanza na hesabu fupi ya mchujo: vumbi na moshi kiasi gani vitatoka, upepo utavipeleka wapi, vitazidi kiwango au havitazidi. Visipozidi, jambo huwekwa kando.

Hesabu hiyo si uongo. Bila hiyo kila tanuru la matofali lingetaka miaka ya uchunguzi. Lakini mjue inajibu swali gani. Inasema tu kama yafaa kuchunguza zaidi au haifai. Haisemi mtoto wako atakohoa au hatakohoa.

Tazameni. Mchujo hupima chanzo kimoja. Wewe mama wa Nyakahura wavuta vyote pamoja: vumbi la malori yaendayo Rusumo, moshi wa majani yanayochomwa kiangazi, na zaidi ya yote moshi wa mafiga, maharage yakichemka saa tatu katika jiko lisilo na dirisha, na mtoto yuko mgongoni. Kila kimoja chaweza kuwa chini ya kiwango, na jumla yake ikapita. Tena wastani wa mwaka huficha mambo: mvua za Aprili husafisha hewa, nazo hesabu zake hufunika zile za Julai, moshi unapolala mabondeni hata jua lipande.

Na kiwango chenyewe? Vumbi baya ni lile laini, chembe zake karibu mara 30 ndogo kuliko unene wa unywele. Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani lilisema lisizidi maikrogramu 10 kwa mita ya ujazo, wastani wa mwaka. Mwaka 2021 likashusha hadi 5. Mapafu yetu ni yale yale. Wataalamu ndio walioona zaidi.

Basi wakija kijijini na karatasi zao, wapokeeni vizuri, kisha waulizeni: mashine ilisimamishwa wapi? Siku ngapi, mwezi gani? Moshi wa jikoni mliuhesabu? Namba ikizidi, msipige yowe kwamba mmetiwa sumu. Imeonyesha pa kutazama tu. Nanyi akina baba, msingoje majibu ya mgodi ndipo mtoboe dirisha la jiko. Kuni nazo zianikwe zikauke.