Kabla ya kuuza programu yako, tafuta wakili

Leo naweka kando PHP na hifadhidata. Nataka kuwagusia ndugu zangu mnaoandika programu huku Meru na Embu jambo moja muhimu: mkataba.

Wengi wetu tunadhani wakili ni mtu wa kesi za mashamba na urithi, tena tunamkumbuka mambo yakishaharibika. Kwa maoni yangu, anatufaa zaidi mapema, wakati bado tunaelewana na mteja.

Sababu ni hii. Hapa Kenya programu ya kompyuta inalindwa na Sheria ya Hakimiliki ya 2001. Utasikia mtu akisema, "Nimeiandika mwenyewe, kwa hiyo ni yangu." Si kila mara! Kwa kifungu cha 31, ukiagizwa kazi na mteja, au ukiifanya kama mwajiriwa, hakimiliki huhesabiwa kuwa imehamia kwa mteja au mwajiri, isipokuwa mmekubaliana vingine. Kwa hiyo SACCO ikikuagiza mfumo wa mikopo na mkataba usiseme lolote, kesho huna ruhusa ya kuuza mfumo uleule kwa chama jirani cha kahawa.

Hiyo "isipokuwa" ndiyo kazi ya wakili. Atakuuliza: Msimbo utabaki wa nani? Mteja anapata umiliki au leseni tu? Malipo ni ya awamu ngapi? Nani atarekebisha hitilafu, na hadi lini? Kisha atakusaidia kuyajadili na mteja na kuyaandika.

Maneno ya mdomo ni hatari. Kule Afrika Kusini, Nkosana Makate aliipa Vodacom wazo la "Please Call Me" mwaka 2000 kwa ahadi ya mdomo. Mahakama ya Katiba ilimpa haki mwaka 2016, na hata hapo iliamuru pande zote zikaanze kujadiliana malipo. Miaka 16 ndipo wakae mezani!

Najua mtasema wakili ni ghali. Basi elewaneni ada mapema, na mchange watu watatu au wanne mwandikiwe mkataba mmoja wa msingi. Ni kama fanksheni: unaiandika mara moja, halafu kila mradi unabadilisha vigezo tu.

Huku kwetu kijana haendi kujadili mahari peke yake. Huenda na wazee wanaojua kusema. Mbona kazi yako ya miezi sita unaenda kuijadili peke yako?