Uzio wa mbao usilipwe wote siku unapokamilika

Siku fundi anapokusanya vifaa vyake, uzio mpya wa mbao huwa hauna dosari. Mbao zimebanana, nguzo zimesimama wima, harufu ya paini imejaa uani. Mwenye nyumba anaridhika, anamalizia hela iliyobaki, wanaagana kwa heri. Wiki chache baadaye jua limefanya kazi yake: kati ya ubao na ubao pana mwanya wa kupitisha kidole, geti linaburuza chini, mbao mbili tatu zimejipinda hadi zimeng'oa misumari. Simu ya fundi inaita tu. Wengi husema hapo kuwa tatizo ni uaminifu wa mafundi. Mimi naona tatizo la kwanza ni tarehe ya malipo. Tunamaliza hesabu siku ile ambayo, kwa tabia ya mbao zenyewe, hakuna anayeweza kujua kama kazi ni nzuri.

Paini iliyopasuliwa karibuni inaweza kubeba maji yenye uzito sawa na uzito wa mti wenyewe ukiwa mkavu, au hata zaidi. Maji ya mwanzo hutoka bila ubao kubadilika umbo. Unyevu ukishuka chini ya asilimia 30 hivi, ubao huanza kunywea, na hunywea kwa upana zaidi, kwani urefu wake haubadiliki sana. Ubao wa inchi 6 ukipungua asilimia 5 tu ya upana, huacha mwanya wa milimita 7 na kitu. Zidisha kwa mbao zote za uzio wa mita 20, utaelewa kwa nini jirani ameanza kuonekana. Mbao za miti iliyovunwa ikiwa michanga, ambazo zimejaa sokoni, hujipinda zaidi ya zile za miti iliyokomaa. Kwa hiyo mzigo uliotoka Mafinga au Njombe ukashushwa, ukagongomelewa wiki hiyohiyo, na kazi ikafanyika wakati wa masika, utaonyesha sura yake halisi kiangazi kikishaingia, wakati mwenye mzigo na fundi wote wameshalipwa.

Hapa lazima tuwatendee haki mafundi, kwa sababu si kila badiliko ni kasoro. Nyufa nyembamba kwenye uso wa nguzo ni kawaida ya mti unaokauka na kwa kawaida haziipunguzii nguvu. Utomvu unaotoka kwenye vifundo, na rangi inayogeuka kijivu kwa jua, si makosa ya mtu. Mteja anayedai ubao ubadilishwe kwa sababu ya ufa wa unywele anamwonea fundi. Nguzo inayotikisika ukiisukuma kwa mkono ni habari nyingine, na vivyo hivyo ubao uliopasuka kwa sababu msumari ulipigwa pembeni mno, misumari ya kawaida inayotiririsha kutu, au geti lililoning'inizwa kwenye bawaba ndogo kuliko uzito wake. Haya ni ya ufundi, na aliyeyafanya anapaswa kuyarekebisha kwa gharama yake.

Ninachopendekeza si kigeni. Katika mikataba ya barabara na majengo ya serikali, sehemu ya malipo huzuiwa mpaka kipindi cha matazamio kiishe, mara nyingi mwaka mzima. Kwa uzio wa nyumbani yatosha kubakiza sehemu ya kumi ya hela ya kazi kwa miezi mitatu, mkiandikiana kwenye karatasi moja: kipi kitahesabiwa kasoro, fundi atarudi ndani ya siku ngapi, na hela italipwa tarehe ipi. Nitaambiwa kuwa fundi anaishi kwa kazi ya leo na hawezi kusubiri. Ni kweli, na ndiyo maana nasema sehemu ya kumi, si nusu, na ndiyo maana bei ipangwe mwanzoni ikijua hivyo. Pingamizi zito zaidi ni kuwa wateja watageuza utaratibu huu kuwa mbinu ya kudhulumu. Wapo watakaojaribu. Lakini leo fundi aliyedhulumiwa hana hata karatasi ya kuonyesha Mahakama ya Mwanzo. Makubaliano ya mdomo yanatambulika kisheria, ila kuyathibitisha ni kazi, na maandishi yenye tarehe yanamlinda yeye kama yanavyomlinda mteja.

Yako pia makosa ambayo miezi mitatu haitayafichua. Nguzo huoza kwanza pale inapokutana na ardhi, penye unyevu na hewa kwa pamoja, na huko ndiko mchwa huanzia. Nguzo iliyotiwa dawa ya shaba, kromiamu na aseniki hudumu miaka mingi, lakini dawa hiyo hushika sehemu ya nje ya mti tu. Fundi akiikata na kuzika upande uliokatwa, ameuacha moyo wa mti wazi. (Na vipande vinavyobaki visipelekwe jikoni kuwa kuni, kwa maana aseniki haiungui, hubaki kwenye majivu.) Kwa makosa haya, dawa ni kukagua kabla ya kufukia. Mwenye nyumba aone mashimo yakiwa wazi: kwa uzio wa futi 6, sentimita 60 za kina ni kiasi cha kuridhisha. Aone upande uliokatwa umetazama juu, na zege limemalizwa kwa mteremko ili maji yasituame shingoni mwa nguzo. Apige picha, futi ya kupimia ikionekana. Fundi mzuri hachukii ukaguzi huu, kwani ndio unaomtofautisha na yule aliyemshinda kwa bei.

Linabaki swali linalozua ugomvi kuliko mengine: mbao alinunua nani? Mara nyingi mteja huenda mwenyewe kwenye bandari ya mbao kutafuta nafuu, kisha fundi hulipwa ufundi tu. Ikiwa hivyo, kunywea kwa mbao si deni la fundi, na sehemu ya kumi haipaswi kuguswa kwa sababu hiyo. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Tanzania, Sura ya 214, inampa mnunuzi haki dhidi ya muuzaji pale bidhaa isipofaa kwa kazi aliyomweleza wazi, lakini haki hiyo haina meno bila risiti, na risiti ndiyo wengi huikataa ili wapunguziwe bei. Hata hivyo fundi naye ana wajibu. Akiona mbao mbichi, aseme, na akilazimishwa kuendelea, neno hilo liandikwe kwenye karatasi ileile kabla ya msumari wa kwanza.