Saratani ya tezi dume nchi ya chai: kipimo kipi kianze?

Chai ya Kericho na Bomet twaijua sisi wa Mombasa kabla haijafika madukani. Hushushwa na malori, hulala kwenye maghala ya Shimanzi, kisha huuzwa katika mnada uliohamia hapa kutoka Nairobi mwaka 1969. Wanaoichuma ndio tusiowajua. Na wazee wao wa kiume wanasumbuliwa na ugonjwa uleule unaowasumbua wazee wetu wa Kisauni na Likoni: saratani ya tezi dume, inayoongoza kati ya saratani za wanaume nchini Kenya.

Katika maabara za utafiti ugonjwa huu hutazamwa pia kwa njia ya mishipa ya damu. Mwaka 1971 daktari wa Marekani, Judah Folkman, aliandika kwamba uvimbe wa saratani hauwezi kupita ukubwa wa punje ya wimbi bila kujivutia mishipa yake wenyewe. Seli zikikosa hewa hutoa protini iitwayo VEGF, nayo huita mishipa mipya. Protini nyingine, CD34, hukaa kwenye kuta za mishipa. Kipande cha nyama kikitiwa dawa ya kuionyesha, mtaalamu huihesabu mishipa kwa hadubini. Tafiti kadhaa zimeona kwamba mishipa ikiwa mingi, ugonjwa huwa mkali zaidi.

Basi kwa nini tusidai kipimo hicho Bomet, au hapa Makadara?

Kwa sababu bado hakibadilishi matibabu. Dawa ya kuizuia VEGF, bevacizumab, ilijaribiwa kwa wanaume 1,050 ambao ugonjwa wao ulishazishinda dawa za homoni. Matokeo yalitoka mwaka 2012: walioongezewa dawa hiyo waliishi miezi 22.6 kwa wastani wa kati, wasioongezewa 21.5, tofauti ambayo kitakwimu si kitu, na madhara yalikuwa mengi zaidi. Kwa hiyo mtu akimuuzia mzee wako kipimo cha VEGF kwa maelfu ya shilingi ili eti kimchagulie dawa, mwambie asante, kisha muondoke.

Nchi ya chai si wageni katika utafiti. Hospitali ya Tenwek, Bomet, inajulikana duniani kwa saratani ya umio. Mwaka 2010 ulichapishwa uchunguzi wake kuhusu wagonjwa wa miaka 30 na chini. Kazi ile iliwezekana kwa kuwa vipande vya nyama vilichukuliwa, vikasomwa, na kumbukumbu zikatunzwa mwaka baada ya mwaka. Tezi dume inahitaji uangalifu uleule, wala si mashine ya ajabu. Damu ipimwe PSA, daktari apapase, sindano ichukue vipande, na jibu lirudi kabla mgonjwa hajakata tamaa na kurudi shambani. Fungu la saratani la SHA lilianza Oktoba 2024 kwa ukomo wa shilingi 550,000 kwa kaya kwa mwaka. Lakini hakuna daktari wa kumwanzishia mtu dawa za saratani bila jibu la maabara, na mzee anayefika maumivu yakiwa yameshaingia mifupani amechelewa kupona, hata fungu liwe kubwa vipi.

Hapa ile elimu ya mishipa inatufaa kwa namna tusiyoitarajia. Homoni ya kiume huchochea VEGF. Ikikatwa, VEGF hupungua na uvimbe husinyaa. Tangu mwaka 1941, Charles Huggins alipoonyesha nguvu ya kuikata homoni hiyo, upasuaji mdogo wa kuondoa korodani umekuwa tiba kwa ugonjwa uliosambaa. Hufanyika mara moja, bila sindano za gharama kila miezi mitatu. Wazee wengi huukataa, kule na huku kwetu, na sababu kila mmoja anaijua. Ni haki yao. Ila waukatae wakiwa wameelezwa, tena kwa lugha yao, na daktari asiyeona haya kuitaja korodani mbele ya mtu wa makamo ya babake.

Jambo moja familia inaweza kulifanya leo. Kipande cha nyama kikishahifadhiwa kwenye nta hudumu miaka mingi, na siku kipimo cha mishipa kitakapokuwa na faida kitaweza kusomwa tena bila kumdunga mgonjwa upya. Ulizeni kimewekwa maabara gani, mwandike na namba yake kwenye kadi ya mzee.