Usiuze Ndama kwa Ajili ya Biti

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, wasomaji wangu, mniwie radhi. Leo nimerudi na hasira.

Mpwa wangu yuko Rapsu, kule karibu na Kinna, kaunti ya Isiolo. Anarekodi wazee wakisimulia na kuimba kwa Kiborana, kazi ambayo mimi na kompyuta zangu sikuwahi kuifanya. Mwezi uliopita akanipigia simu: "Mjomba, nauza ndama wawili ninunue rekoda mpya. Hii yangu ni ya biti 24 na sampuli 48,000 tu. Mpya ni sampuli 192,000 kwa sekunde!" Nikamwambia anitumie kwanza alichokwisha kurekodi.

Jamani! Nilisikia upepo. Nilisikia pampu ya maji ya shambani. Nilisikia bati la paa likilia kwa joto. Nyuma ya hayo yote kulikuwa na sauti ya akko mmoja, bibi mzee sana, kama anaimba kutoka kijiji kingine. Rekoda ilikuwa mezani, mita 3 kutoka alipoketi. Sasa niambieni, sampuli 192,000 zingefanya nini hapo? Zingechora upepo kwa ufasaha zaidi.

Hesabu si ngumu. Sampuli 48,000 hunasa sauti hadi karibu hezi 24,000. Sikio la kijana mwenye afya hukomea kwenye 20,000 hivi, na redio ya FM hukata kwenye 15,000. Mwaka 2007 Meyer na Moran walichapisha jaribio lao katika jarida la Audio Engineering Society: watu walisikilizishwa muziki wa ubora wa juu, kisha huohuo ukiwa umeshushwa hadi kiwango cha CD. Katika majaribio 554 walipatia 276. Ungerusha sarafu ungepata hivyohivyo.

Najua mafundi wa studio watanipiga mawe. Haya, nakubali jambo moja: rekoda za biti 32 za floti zina faida ya kweli. Mzee akipaza sauti ghafla, haipasuki. Lakini maikrofoni yenyewe ikizidiwa, hakuna biti ya kuiokoa. Na ni kweli rekoda za bei ya chini huvuma. Sogeza basi maikrofoni kutoka mita 3 hadi sentimita 30: mahali pa wazi umeongeza desibeli 20, bure. Nionyesheni kifaa cha bei ya ndama wawili kinachotoa hizo.

Hugh Tracey alipita Kenya mwaka 1950 akirekodi. Hakuwa na biti hata moja. Alishika maikrofoni mkononi, akaisogeza karibu na muimbaji, na hadi leo watu wananunua alichonasa.

Kinachoniuma hasa ni hiki. Akko yule aliimba wimbo mwingine mwaka jana, na mpwa wangu anasema ndio uliokuwa mzuri kuliko yote. Haupo. Ulikuwa kwenye memori kadi moja, kadi ikafa, nakala hakuna. Na hiyo rekoda mpya? Saa moja ya stereo ya biti 24 kwa sampuli 192,000 ni zaidi ya GB 4. Kwa 48,000 ni kama GB 1. Yaani angelipa zaidi ili kutunza nakala kuwe kugumu mara nne, kwa umeme wa sola na intaneti ya kubahatisha!

Tuligombana siku mbili. Mwishowe ameuza ndama mmoja, akanunua maikrofoni ndogo ya kubana kwenye nguo na kizuia upepo chake cha manyoya, hedifoni, na diski mbili. Moja itakaa Isiolo mjini kwa shangazi yake. Kesho alfajiri, kabla pampu haijawashwa, anarudi kwa akko kumwomba ule wimbo tena. Anasema hana hakika kama ataukumbuka wote.