Waya Katika Jeti

Mafundi wengi wa pwani hawatanipenda kwa neno hili, lakini nalisema: mashine nyingi za boti haziuawi na chumvi. Zinauawa na kipande cha waya.

Nenda ufuko wowote, ndugu msomaji, useme mashine yako inakata ukiongeza mafuta. Fundi atafungua kabureta, atoe jeti, achomoe uzi wa waya wa breki ya baiskeli, azibue, apulize kwa mdomo na kurudisha. Mashine itanguruma, nawe utalipa na kushukuru.

Jeti ni ya shaba, nayo ni laini. Tundu lake limetobolewa kwa kipimo. Waya wa chuma ukipita mara tatu nne, tundu hupanuka, mashine hunywa petroli kupita kiasi, hutoa moshi na kujaza masizi kwenye plagi. Waya ukisukuma uchafu ndani zaidi badala ya kuutoa, ni balaa kubwa kuliko hilo. Mashine hizi za mipigo miwili hazina oili ya peke yake. Oili husafiri ndani ya petroli, sehemu moja kwa hamsini. Petroli ikipungua, na oili imepungua. Pistoni hukauka, hushika, na watu kumi na wawili wanaelea katikati ya Nyamisati na Kilindoni upepo wa kusi ukivuma.

Dawa haina uchawi. Petroli iliyoachwa kwenye kabureta kwa majuma huvukiza na kubakiza gundi. Loweka jeti usiku kucha katika dawa ya kusafishia kabureta, puliza kwa pampu ya upepo ya wale waziba pancha, kisha iinue juani: uone mwanga wa duara kamili. Kabla ya kutoa skrubu ya hewa, ikaze taratibu huku ukihesabu mizunguko, uandike. Gasketi iliyochanika usiipake sabuni, badilisha. Na ukiiweka mashine kwa muda, chomoa mpira wa mafuta, uiache ingurume hadi izimike yenyewe.

Wataniambia mvuvi hana usiku wa kulowekea jeti, kwani usiku bila bahari ni asubuhi bila unga. Kweli. Lakini pistoni iliyoshika humla miezi.

Nilimwuliza kijana mmoja fundi, mikono yake myepesi kuliko yangu ilivyopata kuwa, kwa nini anatumia waya. Akajibu kwa adabu, "Shikamoo Mwalimu. Ndivyo tulivyofundishwa."

Jibu hilo nililisikia darasani miaka yote, na mara nyingi nililipa alama ya vema. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alituandikia Elimu ya Kujitegemea, akitaka mtoto awe na akili ya kudadisi. Sisi tulichukua jembe, tukaliacha swali la "kwa nini". Shuleni kwangu kujitegemea kukawa kupalilia shamba la mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu nilikuwa mimi. Karakana niliigeuza stoo ya madawati mabovu. Sasa namlaumu kijana wa ufukoni!

Siku hizi, kabla ya kuvuka, naomba nionyeshwe plagi. Manahodha hunicheka. Ikiwa nyeusi tititi au nyeupe kama chokaa, nateremsha mfuko wangu na kusubiri boti nyingine.