Dawa Moja, Miili Mbalimbali

Katika shule zetu elimu ya urithi hufundishwa kwa njegere za Mendel. Si vibaya, lakini mwanafunzi wa Iramba au Manyoni aweza kuhitimu akidhani kwamba elimu hiyo haihusiani na kidonge cha shinikizo la damu anachomeza bibi yake kila asubuhi. Uhusiano upo, na Mkoa wa Singida ni mahali panapofaa sana kuuchunguza.

Mwaka 1975, mjini London, mtaalamu Robert Smith na wenzake walimeza debrisokwini, dawa ya kushusha shinikizo la damu. Wenzake hawakudhurika, yeye shinikizo lake lilishuka hata asiweze kusimama. Utafiti uliochapishwa mwaka 1977 ulionyesha kwamba sababu ni urithi. Dawa hiyo huvunjwa katika ini na kimeng'enya ambacho leo huitwa CYP2D6. Jeni yake ikiwa na kasoro, dawa hukawia mwilini, na kipimo cha kawaida huwa kikubwa mno.

Mwaka 1999 watafiti wa Sweden na Tanzania, akiwamo Amos Massele, walichapisha uchunguzi wa dawa hiyo hiyo miongoni mwa Watanzania. Walikuta kwamba Watanzania huivunja polepole kuliko Wazungu, hata pale ambapo jeni zao hazina kasoro zilizokuwa zikijulikana Ulaya. Kumbe Afrika ina aina zake za jeni hiyo. Debrisokwini imekwisha pitwa na wakati, lakini metoprololi, ambayo ingali inatumika, huvunjwa na kimeng'enya hicho hicho.

Je, basi Waafrika wote wapewe dawa ya namna moja? Majaribio yaliyofanywa katika nchi sita za Afrika, zikiwamo Kenya na Uganda, na kuchapishwa mwaka 2019, yalionyesha kwamba mchanganyiko wenye amlodipini hushusha shinikizo vizuri zaidi kuliko ule usiokuwa nayo. Huo ni mwongozo mwema wa kuanzia. Lakini wastani wa watu wengi si mtu mmoja. Katika Singida peke yake wamo Wanyaturu na Wanyiramba, ambao ni Wabantu. Wadatoga, ambao lugha yao ni ya Kiniloti. Na Wahadzabe, ambao lugha yao haijathibitishwa kuwa na ndugu. Lugha si jeni, lakini uchunguzi mkubwa wa mwaka 2009 ulithibitisha kwamba Waafrika ndio wenye jeni za namna nyingi kupita watu wote duniani. Jina "Mwafrika" ni pana mno kuwa kipimo cha dawa.

Watakuwapo wanaosema kwamba kupima jeni ni ghali. Ni kweli. Hata hivyo, zahanati yenye kipimo cha shinikizo la damu na daftari yaweza kuanza leo: kupima kabla ya dawa, kupima baadaye, na kuandika tofauti. Mganga atakayeona kwamba dawa haifai ataibadili kwa ushahidi, si kwa kukisia. Naye mgonjwa asiiache wala kuibadili kwa shauri lake mwenyewe.

Kwa walimu tunasema: fundisheni njegere, kisha fundisheni ini. Watafiti nao wasiishie katika miji mikubwa. Jeni za watu wa Singida zisipochunguzwa, wagonjwa wake wataendelea kupimiwa dawa kwa miili ya watu wengine.