Mjukuu Wako Naye Ahesabiwe

Mkulima, fikiri hesabu hii. Ikiwa hali ya hewa itaharibika, na miaka 50 ijayo mjukuu wako apate hasara ya shilingi 1,000, je, wewe leo ungetoa shilingi ngapi ili kumkinga?

Mabwana wa uchumi hawapatani. Wao huipunguza hasara ya kesho kwa kiasi fulani kila mwaka. Wakipunguza 5 kwa mia, zile shilingi 1,000 zahesabiwa leo kuwa shilingi 87 tu. Wakipunguza 1 kwa mia, zahesabiwa kuwa shilingi 608. Mwaka 2006 Nicholas Stern wa Uingereza alitumia kiasi kidogo, akashauri dunia itende upesi. William Nordhaus wa Marekani alimpinga, akisema kiasi hicho ni kidogo mno.

Wanaotaka kiasi kikubwa husema kwamba wajukuu watakuwa matajiri kuliko sisi, basi walipe wao. Lakini udongo ukishachukuliwa na maji, mjukuu atatajirika kwa kulima nini? Wazee wa Machakos walichimba matuta ya fanya juu kwa jasho lao, na wajukuu wao wavuna juu yake hata leo.

Hata hivyo, si haki kumtwika mkulima wa leo mzigo wote. Kenya hutoa chini ya 1 kwa mia ya hewa chafu ya dunia, lakini tangu mwisho wa 2020 hadi 2022 kaskazini na mashariki yake zilikosa mvua ya kutosha misimu mitano mfululizo. Kumkataza maskini kuchoma makaa bila kumpa njia nyingine ni kumlipisha deni la tajiri. Afadhali alipwe kwa kutunza miti.

Malipo hayo nayo yataka macho. Sheria iliyorekebishwa mwaka 2023 yaamuru kwamba mradi wa kuuza hewa ya ukaa katika ardhi ya jamii uwape wenyeji angalau 40 kwa mia ya mapato, baada ya gharama kutolewa. Lakini mikataba mingine ni ya miaka 30. Mtoto anyonyaye leo atakuwa mzazi kabla haijaisha.

Basi, kabla ya kutia dole gumba, waiteni vijana na akina mama mkutanoni. Ulizeni: je, fedha zitagawanywa hata mwaka wa mwisho, au zitaliwa zote mwanzoni? Mjukuu hawezi kuja mkutanoni. Wewe ndiwe wakili wake.